Aliyekalia Mkia wa Ndege

Mgomba umelala uani tangu umande haujakauka. Wameuchagua vizuri, sikatai. Umenyooka kama fundi kaupiga randa, wameumenya maganda ya nje na kuuviringishia lubugo, ile nguo ya magome ya mti tunayofungia maiti huku kwetu. Wanaume wa ukoo wamekaa kwenye viti vya plastiki, wanakunywa chai yangu na kukunja nyuso za huzuni, lakini sukari wanaiulizia. Kila mara Deusi anachungulia mlangoni. Huyu Deusi ni mjukuu wa wifi yangu, anaendesha bodaboda kule Murongo mpakani, na ndiye aliyeleta habari kwamba mume wangu Kamugisha amefia ng'ambo, Uganda, na kwamba wameshamzika huko huko. "Bibi," ananiambia, "wazee wanasema jua linapanda." Namjibu, "Waambie jua limekuwa likipanda bila ruhusa yangu tangu nizaliwe." Anacheka, anarudi nje. Desturi yetu ndiyo hiyo. Mtu akifia mbali na mwili usirudi, tunazika mgomba badala yake. Tunalia, tunalala chini kwenye nyasi siku zote za matanga, kisha tunaoga na kila mtu anarudi kitandani kwake. Ila shimo halichimbwi mpaka mwenye uchungu akubali, na leo mwenye uchungu ni mimi. Mimi, niliyekaa na huyo mume mwaka mmoja tu, na mwaka wenyewe nikaugawana na ndege.

Msinicheke. Wanawake wengine wa Kanoni waliletewa mke mwenza kutoka Bugene au kutoka Bukoba, mtu mwenye mdomo, wakatukanana vizuri kisimani wakarudi nyumbani roho nyeupe. Mimi niliwekewa mke mwenza mwenye mabawa. Hajibu matusi, hali, hazeeki, na mume wangu alimpapasa kutwa nzima mbele ya macho yangu. Nilikuwa mzuri mwaka ule, nawaambia ukweli. Nikipita, ng'ombe walikuwa wanaacha kutafuna. Nilipoletwa arusini, wanaume njiani walisahau walikokuwa wanakwenda, mmoja mpaka leo nadhani hajafika. Na bado nilishindwa na mti uliochongwa.

Niliolewa vita ya Hitla ilipokwisha, wanaume wakawa wanarudi, wengine na miguu yote, wengine na mmoja. Mahari yangu ilikuwa imeshapelekwa kabla hawajaondoka, kwa hiyo Kamugisha alivyorudi tu nikapelekwa. Enzi zile bibi arusi haguswi na jembe. Unawekwa chumba cha ndani, unakula, unanenepa, unatoka baadaye unang'aa kama kibuyu kilichopakwa samli. Nyumba ya wakwe zangu ilikuwa ya msonge, nyasi toka kileleni mpaka ardhini, na ndani sakafu yote imetandikwa nyasi laini zinazonukia. Kati ya chumba changu na sebule kulikuwa na ukuta wa matete tu. Ukuta ule haukuzuia hata chafya. Masikio yangu yalirefuka mwaka ule mpaka nikaogopa yatagusa mabega. Jioni ya kwanza kabisa wameniletea ndizi na maharage kwenye jani la mgomba, mvuke unanipiga usoni, nimekata tonge la kwanza tu, nikasikia sauti ya mume wangu upande wa pili. Sauti ndogo, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi.

"Maawe." Hivyo ndivyo alivyomwita mama yake. "Byaruhanga amekufa."

"Ulimuona amekufa?" mama mkwe akauliza.

"Sikumuona."

"Nani alimuona?"

"Hakuna. Lakini mzungu mkubwa wetu alisema amekufa."

"Mzungu alimuona?"

"Hapana, Maawe."

"Basi kula, ndizi zinapoa."

Baba mkwe akaruka. Alikuwa mzee mfupi, hasira zake ndefu. "We mwanamke! Mtoto ameondoka amekalia mkia wa ndege, ndege imeingia mawinguni naye! Unafikiri alishukia wapi? Bugene?"

"Hata Bugene. Kwani Bugene watu hawashuki?"

Mimi nikalirudisha tonge kwenye jani. Nimeolewa kwa watu gani hawa, wanaosafiri kwenye mikia? Ilinichukua siku nyingi za kutega sikio kuipata habari yote, maana Kamugisha alikuwa anaitoa kidogo kidogo, kama mtu anayejing'oa miiba. Byaruhanga alikuwa kaka yake. Walikwenda vitani pamoja, wakafikishwa Burma, wao waliiita Bama, nchi ya matope na mbu, na huko hawakupewa bunduki. Walipewa kamba. Kazi yao ilikuwa kuvuta ndege za kivita kwenye uwanja uliolowa, kuzitia mafuta, kuziosha. Ndege zile za kupigana, wenyewe waliziita Harikeni, zilikuwa na kichwa kizito. Rubani akipandisha moto na tope limeshika magurudumu, mkia unainuka na pua inachimba ardhi. Basi wanatafuta mtu mzito, wanamkalisha mkiani awe kama jiwe, ndege inatembea hadi penye ardhi kavu, rubani anapunga mkono, mtu anaruka chini, ndege inapaa. Na mtu mzito kuliko wote alikuwa Byaruhanga. Mimi sikumkuta, lakini nimesimuliwa. Alikuwa anakula mkungu mzima wa ndizi kisha anauliza chakula kitaiva saa ngapi. Akikaa upande mmoja wa mtumbwi pale Murongo, upande wa pili unamwona Mungu. Wazungu walimpenda, walimwita kwa jina. Siku hiyo Wajapani wakaja ghafla, rubani akakimbia, hakupunga mkono. Kamugisha alikuwa mbele ameshika mawe ya kuzuia magurudumu. Akapiga kelele mpaka koo likapasuka. Ndege ikapita juu ya miti, kaka yake amelala kifudifudi mkiani kama mtoto mgongoni kwa mama, ikaingia mawinguni. Haikurudi, wala yeye hakurudi, wala hakuna aliyeona kitu kinaanguka.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ndoa yangu ilipofungwa kamba. Kamugisha alikuwa anajua kaka yake amekufa, na alikuwa anamlilia, kwa hiyo alilala chini sebuleni kwenye nyasi kama mfiwa. Mfiwa haendi kitandani kwa mke mpaka matanga yaondolewe. Matanga hayaondolewi kama hayajaanza. Hayaanzi kama mgomba haujazikwa. Na mama mkwe alikuwa amekataa mgomba. Basi mimi huku ndani nanenepeshwa, nanukia samli kama jiko la mtemi, na mume yupo upande wa pili wa matete anakoroma peke yake. Ndoa yangu ilikuwa na ndege ndani, ila yai halikutagwa.

Walibishana juu ya mgomba mwezi mzima, kila wakila. Mwishowe mama mkwe akaweka chini bakuli la maharage na kusema polepole. Alikuwa mwanamke mwembamba, hapigi kelele, na ndiyo maana mumewe hakuwahi kumshinda. "Kamugisha, mimi sikatai kulia. Machozi ninayo, yako tayari. Lakini umeniletea neno. Byaruhanga nilizaa mwili, na mkubwa, alinichana. Sikuzaa neno. Chui namjua, homa naijua, maji nayajua. Hicho kitu kilichomchukua sijawahi kukiona. Nionyeshe alipokaa. Nikiona kwa macho yangu kwamba pale mtu hawezi kukaa, nitalia, na mtazika mgomba wenu."

Kesho yake mume wangu akakata mti.

Alianza na mtu. Wengine wangeanza na mabawa, yeye alianza na kijitu chembamba cha mti, urefu wa kidole chake cha kati, kimesimama mikono mbavuni. Nilikuwa nimeanza kuruhusiwa kutoka mpaka sebuleni, nikamwuliza, "Huyu nani?" Hilo ndilo neno langu la kwanza kumwuliza mume wangu, na jibu lake lilikuwa refu kuliko yote aliyonipa mwaka ule. "Huyu ni mimi. Mimi sina kipimo kingine. Ile ndege niliivuta kila siku, naijua kwa mwili. Nikisimama mbele yake bawa linanifika kifuani, basi na hapa limfike kifuani. Pangaboi likisimama wima linanizidi karibu mimi mwingine. Gurudumu ni hapa kwenye goti. Huyu akisema sawa, ni sawa." Na kweli, kila alichochonga alikisimamisha karibu na kijitu. Kikizidi kucha moja anachonga tena. Bawa la kushoto alilitupa jikoni mara nyingi sana, mwaka ule tulipika maharage kwa mabawa.

Mbele alitumia mrinzi, ule mti mwepesi tunaochongea ngoma. Nyuma, kuanzia mgongo mpaka mkia, alisema ndege yenyewe haikuwa chuma. Ilikuwa mbavu za mti zimevikwa nguo na kupakwa dawa ikakauka ikabana. Basi akapasua matete membamba kama sindano, akafunga mbavu moja moja kwa nyuzi za mgomba, akahitaji nguo. Baba mkwe alikuwa ameshaandaa lubugo la kuzikia, amelikunja juu ya dari la kuni, na Kamugisha akakata pindo lake. Ee! Mzee alivyogundua, kuku walihama. "Unaivika ndege sanda ya kaka yako?" "Inahitaji nguo, Taata." "Na kaka yako atavaa nini?" "Atavaa hiyo hiyo iliyobaki." Baba mkwe akaizunguka ile kazi, akaitazama ilivyolala kwenye nyasi, tumbo lake limechongoka. "Huu ni mtumbwi wa kukamulia pombe," akasema. "Umeota masikio." Lakini nilimwona mchana akidhani tumelala, ameinama, anapuliza pangaboi lizunguke.

Mimi nilijua kila kipande kwa kile kilichonigharimu. Vipande vikikamilika, najiambia mume amesogea karibu na kitanda. Alipomaliza magurudumu, aliyoyakata kwenye katambuga kuukuu za mpira wa gari, nilifua mashuka. Alipomaliza mabomba ya bunduki kwenye mabawa, vijiti vya chuma cha baiskeli, nilijipaka samli upya. Kisha akasema kioo. Rubani anakaa chini ya kioo, bila kioo haitakuwa yenyewe. Akaondoka kwa miguu mpaka Kyerwa kule walikokuwa wanachimba madini ya bati, akakaa huko mpaka nikadhani amechimbiwa naye, akarudi na ulanga, lile jiwe linalochanika kama kitunguu na unaona upande wa pili. Mashuka yangu yalikuwa yameshachakaa kwa kufuliwa. Gundi yake ilikuwa ulimbo, utomvu wa mti wa mtoma anaouchemsha mpaka unanata, ule tunaonasia vindege vya mwituni. Nyumba nzima ilinuka ulimbo. Nywele zangu zilinuka ulimbo. Nzi akitua kwenye nguzo yetu, hapo ndipo kwao.

Msimu wa senene ukafika tukiwa katika hali hiyo. Enzi zile mwanamke alikuwa haruhusiwi kula senene. Tunakamata sisi, tunanyonyoa sisi, tunakaanga sisi, wanakula wanaume. Mimi nilikula. Nilikula mpaka nikawa naogopa kuruka. Asubuhi moja tumekaa sebuleni, mama mkwe na mimi, ungo wa senene katikati yetu, na Kamugisha yuko upande wa mlango penye mwanga anapachika mabawa. Sisi tunang'oa, yeye anabandika. Mabawa ya senene yanaanguka kwenye nyasi kama vipande vya karatasi ya kijani. Mama mkwe akainua mmoja aliyekuwa bado mzima.

"Binti yangu, huyu nikimtoa mabawa anakwenda wapi?"

"Chunguni, Mama."

"Na akiwa nayo?"

"Aa, akiwa nayo anakwenda anakotaka."

"Enhe," akasema. Akaitazama ndege muda mrefu, yule senene bado anampiga mateke kidoleni, kisha akamwachia. Akarukia dari. Mimi nilimsikitikia senene tu, alikuwa mnono. Sikujua nimesikia nini. Leo nikikaa na chai yangu, nikimkumbuka anavyofungua vidole vile, najua kwamba mambo yote yalikuwa yameshakwisha pale kwenye ungo, na sisi tuliendelea kufua mashuka.

Rangi alipaka mwisho. Matope meusi ya bondeni yaliyochanganywa na samli kwa mgongo, majivu kwa tumbo, na kwenye mabawa duara ndani ya duara, akitumia buluu ya kufulia aliyopewa misheni, ile masista walikuwa wanatilia mashuka meupe. Nikamwambia katikati aweke nyekundu, ipendeze. Akashtuka kama nimemchoma. Nyekundu ilikuwa alama ya Mjapani, akasema, ukiipaka wenzako wenyewe wanakupiga. Basi ikabaki buluu na nyeupe. Na jamani, ilikuwa nzuri. Mimi niliyeichukia kuliko homa nasema ilikuwa nzuri. Urefu wa bawa hadi bawa ni kama mkono wangu toka bega hadi vidole. Ulanga unameta, ndani yake kuna kiti kidogo na kijiti cha kuendeshea. Ukiinama uitazame usawa wa nyasi, zile nyasi zinakuwa msitu, na unasikia tumboni mwako kwamba itaondoka. Watu walikuja kutoka mpaka nisikojua. Mama mmoja alilala njiani siku tatu aje kuiona, akafika, akaitazama, akasema, "Ndiyo hii?" akaomba maji akarudi.

Mama mkwe naye akaja, akachuchumaa. Akagusa kijitu chembamba kilichosimama karibu na bawa. "Huyu ni wewe."

"Ndiyo, Maawe. Kipimo."

"Na kaka yako yuko wapi? Utanionyeshaje alipokaa mtu bila mtu?" Akaondoka, halafu akageukia mlangoni. "Na usimpunguze. Unamjua alivyokuwa mnene."

Mabawa yote hayakumchukua muda kama yule mnene. Alimchonga mchana kutwa, anamfuta kwa mkono, anampa mgongo, shingo, makalio. Siku alipommaliza nilikuwa namenya ndizi palepale. Alimlaza mkiani kifudifudi, mikono imetanuliwa kwenye bapa la mkia, na lile bapa lilikuwa laini kama sahani, kama lilivyokuwa kule. Akamwachia. Mnene akateleza, akaanguka kwenye nyasi. Nikafurahi! Niliacha kisu. Maana ndicho tulichokuwa tunakitafuta mwaka mzima: pale mtu hakai. Akamwokota akamlaza tena, akaanguka tena. Akamwokota, akakaa naye kiganjani mpaka ndizi zangu zikaisha kumenywa. Kisha akavuta chungu cha ulimbo. Mimi nikafikiri anamshika kidogo tu, asipotee tukivuka naye uani.

Siku ikapangwa. Ukoo ukaja wote, pombe ikakamuliwa, mgomba ukakatwa na kufungwa lile lubugo lililokatwa pindo. Wanawake wa kulia walikuwa wamekaa kando, wameshalegeza vitambaa vichwani, vifua vimejaa tayari. Mimi kitanda nimekitandika. Mama mkwe akakaa kwenye mkeka uani, Kamugisha akamwekea ndege mapajani kama mtoto mchanga. Akamweleza yote, polepole. Hapa rubani. Hapa ndipo anapunga mkono. Hapa nilikuwa mimi. "Na hapa ndipo alipokaa yeye. Pitisha kidole, Maawe. Hakuna pa kushika."

Akapitisha kidole. Tangu mbele ya mkia hadi ncha, na upande wa pili. Nikaona kidevu kinaanza kumcheza. Mdomo ukafunguka, mwanamke mmoja akaanza kuvuta pumzi ya kupokea kilio. Ndipo mama mkwe akaishika ndege kwa mikono miwili, akaiinamisha. Akaiinamisha zaidi. Akaipindua juu chini, tumbo likatazama mbinguni. Akaitikisa.

"Mbona haanguki?"

Akaitikisa tena.

"Kamugisha. Mbona kaka yako haanguki?"

"Ni ulimbo huo!" baba mkwe akalipuka. "Amemnatisha! Hata mimi ukininatisha sianguki!"

"Wewe nyamaza, mzee, hukuwepo. Namuuliza aliyekuwepo."

Mume wangu alitazama mikono yake. Angeweza kusema neno moja. Ukoo mzima ulikuwa unamsubiri, na mimi nyuma ya mlango naomba watakatifu wote na wengine nawatunga. Akasema, "Haanguki, Maawe."

"Basi ameshika," akasema mama mkwe. "Nilijua. Mwanangu alikuwa na mikono ya nguvu." Akaisimamisha ndege vizuri, akaifunika kwa upande wa nguo yake, akaenda nayo chumbani kwake, mwepesi kama msichana. Wanawake wa kulia wakabaki na pumzi zao. Pombe ikanywewa, maana pombe haina kosa. Mgomba ulilala uani mpaka mbuzi wakaanza kuula, na baba mkwe akafungua lubugo lake akalikunja, bila kumtukana mtu. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nilimwuliza mume wangu nikimmwagia maji anawe. "Kwa nini ulimnatisha?"

"Nilimweka bila ulimbo, akaanguka. Uliona. Nikamweka tena, akaanguka." Maji yakaendelea kumtiririka vidoleni. "Ningemwacha aanguke mara ngapi?"

Tangu siku hiyo hakulala hata kwenye nyasi. Alikuwa anasimama uani anatazama juu, na mawingu ya Karagwe mnayajua, hayaishi. Mchana mmoja akaja kunikuta nachambua kahawa. Akasema, "Pengine Maawe anajua. Mimi nilimuona akipanda. Sikumuona akianguka." Nikamwambia, mume wangu, huyo umemchonga wewe. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubaliana nawe lakini kiatu ameshavaa. Kesho yake akaondoka kwenda Murongo, avuke mto, aende akaulize kama kuna aliyemuona. Kitu pekee alichochukua ni kile kijitu chembamba. Nilimsindikiza mpaka mwisho wa migomba. Nikamtania nikamwambia, ukikuta amenenepa zaidi usimbebe, mwite aje mwenyewe. Akacheka. Ndiyo mara pekee nilimwona meno yote, na ndiyo mara ya mwisho.

Nilibaki. Ningerudi kwetu niwaambie nini, nimeshindwa na ndege? Wanaume walikuja kunitaka, foleni ilifika barabarani, nikawaambia nina mume amekwenda dukani. Baba mkwe akafa, akazikwa na lubugo lile lile lililokatwa pindo. Mama mkwe na mimi tukazeeka pamoja katika nyumba moja, kila mmoja na wa kwake wa kumsubiri, jioni tunabakiza ndizi za watu wawili na asubuhi tunawapa kuku. Kila siku alikuwa anaitoa ndege nje, pua inaangalia njia. Mvua ikianza anairudisha. Alipokufa aliniachia mimi, na mimi nikaendelea kuitoa. Sikuwa naamini. Niliitoa tu. Mkono ukizoea kazi hauulizi. Kuamini kwenyewe kuliniishia zamani, sijui lini, kama chumvi inavyoisha kwenye kibuyu, na hakuna kilichokuja kukaa mahali pake.

Juzi Deusi alipofika, shikamoo yake ilikuwa ndefu mno, nikajua. Nikamwambia, "Wazee wanakufa kila siku Uganda, umejuaje ni wangu?" Akasema, "Bibi, mzee yule alikuwa anawachongea watoto ndege za mti. Hakutaka kitu, alikuwa anawapa tu. Na kila ndege, mkiani amelala mtu mnene. Watoto wanasema hata ukivuta kwa meno habanduki." Kisha akatoa mfukoni kitu walichompa aniletee. Kijitu chembamba, kimesuguliwa na vidole mpaka uso umefutika.

Leo asubuhi kabla hawajaja nimeiteremsha ndege kutoka kitandani, ndiko inakolala. Mchwa wamekula bawa moja nusu, lubugo limechanika, mbavu za matete ziko nje kama za mgonjwa, ulanga umebaki kipande. Nimeitikisa. Gurudumu likadondoka, pangaboi likadondoka. Mnene bado. Nikakisimamisha kijitu karibu na lile bawa zima. Bawa likamfika kifuani. Sawasawa, hakuna hata kucha iliyozidi.

Nimefunga kitambaa, nimetoka nje. Wanaume wamesimama, chai mikononi. Deusi amenishika mkono.

"Chimbeni," nimewaambia.

Wamevuta pumzi. Mmoja ameshainua jembe.

"Chimbeni mawili. Mkate na mgomba wa pili, wa shemeji Byaruhanga, ameshasubiri vya kutosha."

Wametazamana. Deusi amechukua panga, ameelekea migombani, ameshika wa kwanza aliokutana nao.

"Si huo, mwanangu," nimemwambia. "Tafuta mnene. Mnene hasa."